Je, wajua ni nani huangusha majani ya miti?

Aliyewahi kusafisha bustani kubwa katika nchi zenye majira manne anaijua kazi hii. Asubuhi unakusanya majani kwa reki, unajaza toroli mara kumi, na kufikia jioni nyasi zimefunikwa upya kana kwamba hukugusa kitu. Ukisimama kidogo kupumzisha mgongo, swali linakuja lenyewe: ni nini hasa kinachoyaangusha?

Kwa miaka mingi jibu langu lilikuwa upepo. Niliamini kwamba baridi huua jani, jani likifa hukauka, kikonyo chake kikadhoofika, kisha upepo ukapita na kulinyofoa. Maelezo haya yana nguvu kwa sababu macho huyathibitisha kila siku: upepo ukivuma, majani huanguka, na siku ya baridi kali huanguka mengi zaidi. Hata hivyo si sahihi, na karibu kila mtu niliyezungumza naye juu ya jambo hili anaamini vilevile. Ndiyo maana nitalikalia kosa hili kidogo kabla ya kuendelea.

Ushahidi uko kwenye tawi lililovunjika. Tawi likivunjika katikati ya kiangazi likabaki linaning'inia mtini, majani yake hunyauka, hukauka na kugeuka kahawia. Lakini hayaanguki. Miezi inapita, matawi mazima yanapukutisha majani yote, upepo umevuma pande zote, sakitu, yaani umande ulioganda, imelala juu ya mti mzima, na lile tawi mfu bado limeyashikilia majani yake makavu. Kama kufa kwa jani ndiko kunakoliangusha, tawi lile lingekuwa la kwanza kubaki tupu. Linakuwa la mwisho. Jani linahitaji mti ulio hai ili lianguke, kwa sababu mti ndio unaolikata.

Kiswahili kina vitenzi viwili hapa: majani hupukutika, na mti hupukutisha. Sisi huzoea kusema cha kwanza, ila cha pili ndicho kinachoeleza kinachotendeka.

Mkato hufanyika mahali kikonyo kinapoungana na kitawi. Hapo kuna ukanda mwembamba wa seli ndogo, na ukanda huo huandaliwa mapema, jani likiwa bado changa. Yaani mti unapokunjua jani jipya, tayari umeshachora mahali utakapolikatia.

Kinachozuia mkato usianze ni homoni iitwayo oksini. Jani lenye afya huitengeneza na kuipeleka kwenye kikonyo bila kukoma. Mfikirie ndugu aliye mbali anayetuma salamu kila siku. Maadamu salamu zinafika, nyumbani hakuna anayegusa chumba chake. Siku zikianza kuwa fupi na jani likaanza kuzeeka, salamu hupungua, na ule ukanda huacha kutulia. Jambo hili limejaribiwa kwa njia rahisi mno: ukikata bapa la jani na kuacha kikonyo peke yake, kikonyo hudondoka chenyewe mapema. Ukipaka oksini kwenye ncha iliyokatwa, kikonyo hukaa. Tawi haliangalii kama jani lipo. Linasikiliza salamu tu.

Salamu zinapopungua, ukanda unakuwa mwepesi wa kuitikia homoni nyingine, ethilini, ambayo ni gesi. Hiyo ndiyo huamsha vimeng'enya vya kukatia. Hebu fikiria ukuta wa matofali. Seli ni matofali, na katikati yake kuna pektini inayoyagandisha kama saruji. Vimeng'enya havivunji matofali. Vinayeyusha ile saruji katika mstari mmoja tu, tofali hili likaachana na lile bila lolote kupasuka. Wakati huohuo, upande wa tawi, mti hujenga tabaka la gamba lisilopitisha maji wala vijidudu, na tabaka hilo huendelea kukomaa hata baada ya jani kuondoka. Ndiyo sababu hakuna utomvu unaochuruzika. Kinachobaki ni kovu nadhifu, lenye vidoa vidogo palipopita mishipa ya maji na chakula. Chukua kitawi kisicho na majani ukitazame kwa karibu: umbo la kovu hilo hutofautiana kati ya jamii za miti, na wajuzi hutambua mti kwa kovu pekee.

Mfano ulionisaidia zaidi ni jino la utotoni. Mwili huuyeyusha mzizi wake taratibu kutoka chini, jino likaanza kulegea, mwisho likang'oka mtoto akitafuna chakula. Chakula hakikung'oa jino, kilimalizia tu. Upepo nao ni hivyohivyo. Saruji ikishayeyuka, jani linaning'inizwa na nyuzi chache za mishipa, na uzito wake lenyewe unaweza kutosha kuzikata.

Sakitu nayo humalizia. Maji yaliyo katika ule ukanda huganda usiku na kuzitenga seli zilizokwisha kulegea, na barafu hiyo ndiyo inayolishikilia jani hadi alfajiri. Jua likiiyeyusha, majani hushuka moja baada ya jingine hata kama hewa imetulia kabisa. Mti wa ginko ni maarufu kwa hili: unaweza kumwaga karibu majani yake yote kwa siku moja baada ya usiku wa sakitu kali. Ukiuona, ile hoja ya upepo inakufa papo hapo.

Namna ethilini ilivyojulikana ni kisa chenye ladha yake. Katika karne ya 19 miji iliwashwa taa za gesi, na miti iliyokuwa karibu na mabomba yaliyovuja ilipukutisha majani kabla ya wakati. Mwaka 1901 mwanasayansi wa Urusi, Dimitri Neljubow, alionyesha kwamba kiungo kilichoathiri mimea katika gesi hiyo kilikuwa ethilini. Baadaye ikadhihirika kwamba mimea yenyewe huitengeneza. Wanasayansi nao walikosea mahali pengine. Miaka ya 1960 walipata kemikali katika pamba waliyoidhania kuwa ndiyo ikatayo majani, nayo ikaja kuitwa asidi ya absisiki, jina lenye asili ya neno la Kilatini la kukata. Leo inajulikana zaidi kwa kufunga vinyweleo vya majani, yaani vitundu vidogo vya kupitishia hewa, wakati wa ukame na kulaza mbegu. Katika kukata majani, ethilini ndiyo yenye sehemu kubwa zaidi. Jina la kosa limebaki.

Kwa nini mti ujisumbue? Majani hupoteza maji mengi, na ardhi iliyoganda haitoi maji ya kuyarudisha. Mbuyu hufanya vivyo hivyo katika kiangazi cha nchi za joto bila kuona theluji hata siku moja. Mzigo nao ni sababu. Oktoba 2011 theluji nzito ilianguka kaskazini-mashariki mwa Marekani wakati miti mingi bado ina majani. Theluji ikakaa juu yake, matawi yakavunjika na kuangukia nyaya, na mamilioni ya watu wakakosa umeme.

Kabla ya kukata, mti huhamisha vya thamani, kama mtu anayehama nyumba. Umbijani, yaani ile rangi ya kijani ya jani, huvunjwavunjwa, na kwa kawaida nusu hivi ya naitrojeni na fosforasi ya jani, mara nyingi hata zaidi, hurudishwa kwenye matawi na mizizi. Rangi ya njano ilikuwemo tangu awali, imefichwa na kijani. Nyekundu ni habari nyingine, kwa kuwa hutengenezwa upya wakati huohuo wa kuhama. Wengine husema inalikinga jani na mwanga mkali wakati wa kuhamisha, wengine kwamba inawaonya wadudu. Mimi naona hoja ya kwanza ina uzito zaidi, ila mjadala haujafungwa.

Huko kuhama ndiko kunakoeleza mambo mengi anayokutana nayo mwenye reki. Majani yaliyoanguka ni maganda yaliyobaki baada ya virutubisho vingi kuondolewa: kaboni nyingi, naitrojeni kidogo. Kwa hiyo yakirundikwa peke yake huoza polepole, zaidi kwa kazi ya kuvu kuliko ya bakteria, na huchukua mwaka mmoja hadi miwili kuwa mboji nyeusi nyepesi. Mboji hiyo hailishi sana. Sifa yake ni kushika maji na kulainisha udongo. Ukitaka haraka, pitisha mashine ya kukata nyasi juu ya majani yakiwa makavu, yakatike vipande, kisha uyachanganye na nyasi mbichi, ambazo zina naitrojeni ya kutosha. Tabaka zito lililolowa halifai kuachwa juu ya nyasi kwa sababu huzinyima mwanga. Chini ya vichaka yaache, wadudu wengi hupitisha baridi humo.

Na kwa kuwa mti hukata kwa wiki kadhaa, tawi kwa tawi, kusafisha bustani yote kila siku ni kujichosha. Njia na mifereji haviwezi kungoja, maana majani yaliyolowa huteleza na kuziba maji. Sehemu nyingine zinaweza kungoja hadi sakitu kali ipite.

Kisha inua macho kabla ya kusimama chini ya mti na reki yako. Tawi lililoshikilia majani makavu wakati mengine yote yako matupu huenda lilikufa tangu kiangazi, na linaweza kuanguka. Mwaloni ni wa kuangalia kwa makini zaidi, hasa ukiwa mchanga: matawi yake yaliyo hai hubaki na majani ya kahawia hadi machipukizi yavimbe, kwa sababu mkato huishia njiani. Dhana zipo, kwamba majani hayo huwafukuza wanyama wanaotafuna machipukizi, au kwamba huweka mbolea hadi mti uihitaji, lakini hakuna iliyoshinda. Kwa tawi unalolifikia, kwaruza ganda kidogo kwa ukucha. Kukiwa na kijani chini yake, ni tawi lililo hai linalongoja. Kukiwa na kahawia kavu, liondoe kwanza, kisha ndipo uanze na reki.