Mwaka 1789: Bastille, Mkate na Watu wa Kilwa

Tulikariri darasani kwamba tarehe 14 Julai 1789, Mapinduzi ya Ufaransa yalipoanza, wananchi wa Paris waliivamia ngome ya Bastille ili kuwafungua wafungwa wa kisiasa waliojaa humo. Kumbe siku hiyo mlikuwa na wafungwa saba tu: wanne wa makosa ya kughushi, wawili wenye maradhi ya akili, na mmoja wa ukoo wa kikabaila. Watu walifuata baruti. Asubuhi walikuwa wamebeba maelfu ya bunduki kutoka Invalides, makao ya askari wastaafu mjini Paris, na bunduki isiyo na baruti ni gongo tu. Mapipa ya baruti yalikuwa Bastille.

Kuna pia kisa cha Malkia Marie Antoinette wa Ufaransa, eti alipoambiwa watu hawana mkate akajibu wale keki. Mwanafalsafa Rousseau aliandika kisa cha namna hiyo, akisema tu "binti wa mfalme mmoja", wakati Marie Antoinette angali mtoto Austria. Huwa naumia kisa hiki kinapochukua nafasi ya habari ya kweli ya mkate: mwezi Oktoba 1789 maelfu ya akina mama, wengi wao wachuuzi wa sokoni, walikwenda kwa miguu kutoka Paris hadi Versailles, kwenye kasri la mfalme, mvua ikiwanyea, kudai chakula. Kesho yake mfalme na familia yake wakarudi nao mjini.

Na wanaodhani gilotini, ile mashine ya kukata vichwa, ilianza kazi mwaka huo wanakosea. Ilianza Aprili 1792.

Lakini dhana inayotugusa sisi wa pwani ni ile isemayo kwamba Tamko la Haki za Binadamu na Raia, lililopitishwa tarehe 26 Agosti 1789, lilimkomboa kila mtu chini ya bendera ya Ufaransa. Kifungu cha kwanza kinasema watu huzaliwa huru na hubaki huru, wakiwa sawa katika haki. Maneno mazito. Ila mwaka 1776, miaka 13 tu kabla yake, Mfaransa aitwaye Morice alikuwa ameandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa: auziwe watumwa 1,000 kila mwaka, riale 20 kwa kichwa, na sultani apate riale mbili za juu kwa kila mmoja. Muda wa mkataba: miaka 100. Watu waliotolewa bara wakapitishwa Kilwa walipelekwa kwenye mashamba ya Île de France, yaani Mauritius ya leo, na Bourbon, ambayo sasa ni Réunion. Tamko lilipotangazwa walikuwa mashambani, na huko huko wakabaki.

Bunge la Paris lilifuta utumwa katika makoloni mwezi Februari 1794, baada ya watumwa wa Saint-Domingue, Haiti ya leo, kuasi tangu 1791. Wajumbe walioipeleka amri hiyo Île de France mwaka 1796 walifukuzwa na walowezi, wakapakiwa melini. Mwaka 1802 Napoleon akaurudisha utumwa kwa sheria. Huko Réunion watumwa walitangaziwa uhuru tarehe 20 Desemba 1848, miaka 59 baada ya kile kifungu cha kwanza kuandikwa.