Tambi za Beijing za sosi ya kukaanga: dhana potofu na ukweli wake

Kuna tambi za Beijing zinaitwa zhajiangmian, tambi nene zinachemshwa na kuchujwa maji, hazina mchuzi, alafu juu unaweka sosi nzito ya soya iliyokaangwa na vipande vya nyama, pembeni mboga zilizokatwa nyembamba, kila mtu anachanganya mwenyewe kwenye bakuli lake. Huko kwao ni msosi wa nyumbani kabisa. Sasa kwetu mtu anachemsha spaghetti, anakaanga nyama ya kusaga na nyanya, anamwagia soya sosi, basi keshapika Kichina. Hapana jamani.

"Tambi za Kichina si ndo zile za pakiti?" Zile zilibuniwa Japani na Momofuku Ando mwaka 1958, na nyingi zinakuwa zimeshakaangwa kiwandani, ukiziwekea sosi hii zinalegea tu. Tambi za zhajiangmian ni unga wa ngano, maji na chumvi kidogo, yai sio lazima. Unga nusu kilo maji mililita 220 hivi, donge litakuwa gumu kuliko la chapati mpaka utadhani umekosea vipimo, usiongeze maji, lifunike nusu saa litalainika lenyewe alafu lisukume ukate. Kama huna muda chukua spaghetti za kawaida, uchemshe na kijiko kimoja cha chakula cha baking soda kwa lita moja ya maji, zinakuwa na ule mvuto wa tambi za Kichina, ila tumia sufuria kubwa maana yale maji yanafura na kumwagika jikoni kote.

"Weka mafuta kwenye maji zisishikane." Mafuta yanaelea juu, tambi ziko chini, yatasaidia nini? Maji yawe mengi, yachemke kweli kweli, na ukoroge ile dakika ya kwanza. Ukizitoa, kama unataka za baridi zipitishe kwenye maji safi ya baridi, wengi wanafanya hivyo kiangazi. Wengine wanazitoa moja kwa moja sufuriani za moto, na zote mbili ni sahihi kwa hiyo msigombane.

Tuje kwenye sosi, hapa ndo kuna uongo mwingi. Watu wanaamini ni soya sosi ya majimaji iliyowekewa unga wa mahindi ikaganda. Sio. Ni rojo la soya lililochachushwa linaitwa huangjiang, likichanganywa na lingine tamu la ngano linaitwa tianmianjiang, wengi wanaweka huangjiang mbili kwa tianmianjiang moja. Na usichukue kopo lolote lenye maandishi ya Kichina, lile jekundu la pilipili na maharage la jimbo la Sichuan ni kitu kingine kabisa, na ile sosi nzito tamu inaitwa hoisin ina sukari nyingi. Ukikosa yote, miso, rojo la soya la Kijapani, ile ya rangi nyeusi nyeusi inakusogeza karibu.

Alafu lile rojo halichemshwi, linakaangwa. Kata nyama yenye mafuta vipande vidogo vidogo vya mraba, usisage, weka kwenye karai moto mdogo mpaka mafuta yake yatoke yenyewe, tia tangawizi na kitunguu cha majani, ndo umwage rojo ulilolilegeza na maji kidogo. Kuanzia hapo huondoki. Mwanzoni linarukaruka na kutoa povu kubwa kubwa, maji yakiisha povu linakuwa dogo, rangi inatoka udongo wa njano inaenda wekundu uliokoza, na pembeni ya karai mafuta yanaanza kujitenga yanang'aa. Ukiona hivyo limeiva, inachukua kama dakika 20 mpaka 30, na mwiko ukwangue chini muda wote kwa sababu likishika likaungua uchungu wake hautoki hata uweke sukari. Mtu anayeona mafuta mengi akayamwaga anaharibu, maana hayo ndo yanayofanya sosi ishike kwenye tambi.

Chumvi? Usiweke hata punje. Rojo lenyewe ni chumvi tosha, ndo maana bakuli zima linataka vijiko viwili vitatu tu vya sosi, sio kuifunika kama wali na mchuzi.

"Lazima kitimoto." Wengi Beijing wanatumia nguruwe ndiyo, lakini mji ule una Waislamu wa Hui wa siku nyingi, mtaa wa Niujie una msikiti wao mkubwa, na wao wanapika ya ng'ombe au kondoo. Wengine wanavuruga mayai badala ya nyama. Kwa ng'ombe ongeza mafuta ya kupikia maana nyama yake haitoi ya kutosha.

Na ajinomoto, ile chembe nyeupe ya kuongeza ladha, je? Kwanza hapa huihitaji, soya iliyochachushwa ina ule utamu wake wa asili. Pili, ule uoga kwamba inadhuru mwili ulisambaa baada ya barua moja kwenye jarida la udaktari la Marekani mwaka 1968, majaribio yaliyofuata hayakuthibitisha kwamba kiwango cha kawaida cha chakula kinaumiza watu. Mwenye presha aogope zaidi chumvi ya hilo rojo, hiyo ndo ipo kweli.

Mboga watu wanaona ni pambo, wanaziruka. Kosa kubwa! Tango, figili, chipukizi za choroko zilizopitishwa maji moto, maharage ya soya yaliyochemshwa, bila hizo mdomo unachoka kwa chumvi na mafuta. Na kitunguu saumu kibichi kinamenywa, unakula tambi unang'ata punje, unakula unang'ata, kama una mkutano baadaye shauri yako.

Sosi ikibaki usiitupe, wala usiiongezee maji uipashe. Iweke kwenye chupa safi, mafuta yaifunike juu, friji inakaa wiki hivi, ila kijiko cha kuchotea kiwe kikavu.