Dolly Parton na nusu aliyokataa kuitoa

Kazi yangu ni kusoma mikataba ya wanamuziki, na mfano ninaoutoa mara nyingi ni wa Dolly Parton, mwimbaji wa Marekani wa muziki wa kantri. Wengi wanamjua kwa sauti na nywele zake. Mimi namheshimu kwanza kama mtunzi.

Alizaliwa mwaka 1946 kwenye milima ya Tennessee, mtoto wa nne kati ya kumi na wawili. Alihamia Nashville mwaka 1964, siku moja tu baada ya kuhitimu sekondari, na mapema akaanzisha kampuni ya kuchapisha muziki, yaani ya kusimamia nyimbo zilizotungwa na kukusanya malipo yake, pamoja na mjomba wake, Bill Owens. Mwaka 1967 akajiunga na kipindi cha televisheni cha mwimbaji wa kantri Porter Wagoner. Alitunga popote: "Coat of Many Colors" aliuandika ndani ya basi la ziara, kwenye risiti ya dobi ya suti ya Porter, kwa kuwa karatasi nyingine haikuwepo.

Alipotaka kujitegemea, alimtungia Porter wimbo wa kumuaga, "I Will Always Love You". Mwaka 1974 ukashika namba moja kwenye chati za kantri, na Elvis Presley akautaka. Sharti likaja kutoka kwa meneja wa Elvis, Colonel Tom Parker: upande wa Elvis upewe nusu ya haki za uchapishaji. Dolly anasimulia kwamba alilia usiku kucha. Lakini alikataa.

Wasanii wengi ninaokutana nao hawajui kwamba wimbo mmoja ni mali mbili. Kuna rekodi, yaani sauti iliyonaswa studio, na kuna utunzi, yaani maneno na melodia. Mtu akiurudia wimbo wako, rekodi mpya ni yake au ya lebo yake, ila utunzi unabaki wako na unakulipa mirabaha, yaani malipo kila unapotumika. Marekani redio za kawaida hazimlipi kabisa mwimbaji wa rekodi. Zinamlipa mtunzi na mchapishaji. Dolly alikuwa vyote viwili, na Parker alikuwa anataka nusu ya haki za mchapishaji.

Mwaka 1992 Whitney Houston akaurudia, ukakaa namba moja Marekani wiki 14. Mirabaha ya utunzi ikaenda kwa Dolly bila mgao kwa upande wa Presley. Sehemu ya fedha hizo, kama alivyoeleza mwaka 2021, alinunulia jengo la maduka katika mtaa wa Wamarekani weusi jijini Nashville, na huliita jengo lililojengwa na Whitney.