Mikopo ya Kanisa na mapinduzi ya Meksiko ya 1810

Ukiniuliza kwa nini Meksiko iliasi utawala wa Hispania mwaka 1810, sitaanza na Napoleon kumng'oa mfalme wa Hispania mwaka 1808, ingawa bila tukio hilo historia ingekwenda njia nyingine. Mimi husomesha historia ya uchumi, na nitaanza na mikopo.

Meksiko ya wakati ule haikuwa na benki. Mkopeshaji mkuu alikuwa Kanisa. Matajiri waliacha wakfu ili wasaliwe misa baada ya kufa, na fedha hizo zikakopeshwa kwa riba ya asilimia 5 kwa mwaka. Mwenye shamba aliweka ardhi yake rehani, akalipa riba, na mkopo wenyewe ukaendelea miaka na miaka, pengine hadi kwa wanawe. Kilimo na biashara viliegemea utaratibu huo.

Desemba 1804 serikali ya Hispania, iliyoelemewa na gharama za vita na malipo kwa Ufaransa, iliagiza mikopo hiyo ilipwe na fedha zipelekwe Ulaya. Zilikusanywa takriban peso milioni 10. Watu waliuza mali kwa bei ya kutupa, kwani kila jirani naye alikuwa anauza. Kule Michoacán, kasisi Manuel Abad y Queipo aliandika maombi kwa niaba ya wakulima, akionya kwamba agizo lile lingewafilisi. Katika jimbo hilohilo la Kanisa, mashamba ya Miguel Hidalgo, paroko wa Dolores, yalikamatwa kwa deni. Septemba 16, 1810 Hidalgo alitangaza uasi. Siku chache baadaye Abad y Queipo, sasa akiwa askofu mteule, alimtenga na Kanisa.

Lakini umati uliomfuata Hidalgo haukuwa na rehani yoyote. Walikuwa vibarua na wachimba migodi, wengi wao wenyeji wa asili wa Meksiko waliolipishwa kodi ya kichwa, na ukame wa 1808 na 1809 ulikuwa umepandisha bei ya mahindi kupita uwezo wao. Septemba 28 walivamia ghala la nafaka la Guanajuato, Wahispania walimojificha na fedha zao, wakawaua wengi. Kuanzia hapo wenye mashamba wengi, pamoja na machungu yao yote juu ya mikopo, walisimama upande wa mfalme, na uhuru ukachelewa hadi 1821.