Kununua Land Cruiser mkonga ya kulala porini: anza chini, injini itasubiri

Wateja wanaoniita nikawakagulie gari karibu wote husema neno moja: "Fundi, njoo unisikilizie injini." Nikifika naomba turubai la kulalia na tochi, naingia chini ya gari. Muuzaji huanza kuhangaika, maana injini keshaiosha inang'aa na boneti kaiacha wazi.

Katika magari haya injini ni kitu cha kufungua na kufunga. Ikichoka inafanyiwa oveholi, ikifa kabisa inatolewa inawekwa nyingine, na vipuri vyake vipo hadi Karatu. Chesisi, yaani ile fremu ya chuma inayobeba gari zima, ikikatwa, ikaungwa vibaya, ikapinda, haina dawa ya bei nafuu. Ndiyo maana muda wangu mwingi unaishia kule mnunuzi asikoangalia.

Gari lenyewe ni Toyota Land Cruiser mfululizo wa 70, dizeli, injini ya 1HZ, hili ambalo mtaani tunaliita mkonga kwa sababu ya lile bomba la hewa linalopanda pembeni ya kioo. Hapa Arusha likichoshwa na kampuni ya utalii linapelekwa sokoni, na anayelinunua mara nyingi ni dereva wa utalii anayetaka kujitegemea, au mtu anayetaka gari la kulala porini: hema juu ya paa, friji, tangi la maji, betri ya pili, jiko la gesi. Mengine yanauzwa yakiwa yameshafungwa hivyo vyote. Mnunuzi anaona kitanda na friji anafurahi. Mimi naona kilo, na karibu zote zimekaa juu ya paa au nyuma ya ekseli ya nyuma, mahali ambapo chesisi inateseka zaidi.

Kwanza chukua futi kamba. Kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma, HZJ78, ile ya bodi iliyofungwa, ni milimita 2,980 na HZJ79, ile ya pikapu, ni milimita 3,180. Ukipata zaidi ya hapo, gari limerefushwa. Usikimbie. Magari mengi ya utalii yenye siti saba yamerefushwa, na yapo yaliyorefushwa vizuri yakadumu miaka. Unachotafuta ni mkono wa aliyeyarefusha.

Kiungo kizuri hakikatwi wima moja kwa moja. Reli, yaani moja ya zile nguzo mbili ndefu za chesisi, inakatwa kwa mshazari au kwa ngazi, ili weldi isikae yote kwenye mstari mmoja, kisha inaongezwa plati ubavuni ambayo ncha zake zimechongwa zikawa nyembamba. Kiungo kibaya unakijua upesi: mkato wa wima, plati ya mraba iliyobandikwa kama kiraka cha suruali, na weldi iliyopita kwa upana juu na chini ya reli. Ufa hauanzii katikati ya plati. Unaanzia pale plati inapoishia, kwa sababu hapo chuma kigumu kinakutana na chuma kinachonesa, na kila bonde la njia ya Naabi, lango la Serengeti, linakunja palepale. Kwa hiyo mulika mwisho wa kila plati, pande zote mbili za gari. Ufa mchanga hauonekani kama ufa. Unaonekana kama mstari mwembamba wa kutu ya kahawia inayorudi hata baada ya kufutwa.

Rangi nyeusi mpya chini ya gari zima hainisumbui sana. Inayonisumbua ni rangi mpya sehemu moja tu, urefu wa mkono. Omba ruhusa ya kukwangua kwa brashi ya waya. Mwenye gari safi atasema kwangua. Mwenye jambo lake atakuambia muda umekwenda.

Ukishamaliza viungo, pima kama chesisi bado imenyooka. Gari lisimame kwenye sakafu ya zege, teremsha timazi kutoka kwenye vishikio vya springi mbele na nyuma, kushoto na kulia, weka alama za chaki, sogeza gari, kisha pima mishazari miwili, mbele kushoto hadi nyuma kulia, na mbele kulia hadi nyuma kushoto. Inapaswa kulingana. Tofauti ya milimita chache naivumilia kwa gari lililofanya kazi. Ikifika sentimita moja naanza kuuliza maswali, ikizidi hapo kazi yangu imeisha na mteja anabaki na hela yake.

Halafu kutu. Reli za chesisi hii ni boksi, zina uwazi ndani. Udongo mweusi wa Ndutu ukiingia humo wakati wa mvua haukauki haraka, na vumbi la magadi kutoka Natron au Manyara likichanganyika nao, chuma kinaliwa kutoka ndani huku nje kumepakwa rangi nzuri. Chukua nyundo ndogo ugonge reli yote kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima kinalia. Palipojaa udongo panatoa sauti nzito, na palipooza panabonyea. Gonga zaidi karibu na vishikio vya springi za nyuma na chini ya tangi la maji kama lipo, maana matangi mengi yaliyofungwa gereji yanavuja polepole.

Springi nazo zinasema historia. Kwa magari haya marefu, tangu 1999 springi za mbele ni za koili, kabla ya hapo zilikuwa za majani mbele na nyuma. Nyuma ni majani siku zote. Hesabu majani ya kushoto na ya kulia. Yakiwa yameongezwa na bado yamelala chini, gari limebebeshwa kuliko uwezo wake kwa muda mrefu, hata muuzaji aape vipi. Angalia tairi za nyuma pia: zikiwa zimelika upande wa ndani tu, nyumba ya ekseli huenda imepinda. Mbele, pandisha jeki utikise gurudumu kwa kushika juu na chini; likicheza ni beringi, na hiyo ni kazi ya siku moja. Grisi ya kwenye mpira wa ekseli ya mbele, lile tufe la chuma nyuma ya gurudumu, ikiwa imegeuka uji mwembamba, sili ya ndani imeachia oili ya difu. Punguza bei, endelea.

Bodi usiipite haraka kwa gari lenye paa la kuinuka. Paa likikatwa, bodi imepoteza kilichokuwa kinaishikilia juu, na nguzo za madirisha ndizo zinazolipa. Funga na fungua kila mlango taratibu. Mlango wa nyuma unaohitaji kuinuliwa kidogo ndipo ufunge unakuambia kitu kuhusu kile ulichokiona chini.

Sasa injini. 1HZ ilianza kutoka 1990: silinda sita kwa mstari mmoja, sentimita za ujazo 4,164, haina turbo, pampu yake ni ya kimakanika. Hakuna kompyuta ya kuchomeka usome hitilafu, kwa hiyo kazi ni ya macho, masikio na pua. Sharti langu kwa muuzaji ni moja: asiiwashe kabla sijafika. Naishika kwanza. Ikiwa ya moto, narudi kesho yake, kwa sababu dizeli iliyokwishapashwa inaficha mengi.

Ikiwaka baridi, moshi mweupe kidogo unaokata baada ya muda mfupi si hoja. Mweupe usiokata, wenye harufu ya dizeli mbichi, ni nozeli au kompresheni iliyoshuka. Mweupe wenye harufu tamutamu ni maji ya rejeta yanaingia kwenye silinda. Wa bluu ni oili inaungua. Kuhusu mweusi, jua uko wapi: Arusha ni kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na ukingo wa Ngorongoro ni kama 2,300. Injini isiyo na turbo huko juu inakosa hewa, kwa hiyo ikifuka kidogo kwenye mlima ikiwa na mzigo ni kawaida yake. Ikifuka vilevile Tanga, pwani kabisa, kuna tatizo la nozeli, pampu au njia ya hewa.

Gari likiwa linanguruma silensa, yaani bila kukanyaga mafuta, fungua kifuniko cha oili ukiweke kichwa chini juu ya tundu lake. Kikitetemeka, sawa. Kikirushwa, injini inapumua, ringi zimekwisha. Na hapa nataka uangalie mkonga wenyewe. Watu wanaupenda kwa kuvuka maji, ila kazi yake ya kila siku ni vumbi, na viungo vyake vikilegea unaingiza vumbi lote la Serengeti. Fungua bomba linalotoka kwenye chujio la hewa kwenda injini, ingiza kidole, futa ndani. Kidole kikitoka na vumbi, vumbi hilo lilishapita chujio, na kilomita chache za kwenye dashibodi hazina maana tena. Kilomita zenyewe sizitegemei hata kidogo. Za porini kwa gia ya pili na ya tatu si za lami.

Pampu ya dizeli inalainishwa na dizeli yenyewe, kwa hiyo dizeli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa inaimaliza. EWURA, wadhibiti wa nishati na maji nchini, walianza kuweka vinasaba, yaani kemikali ya kuyatambulisha, kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu ya mchezo huo, na magari ya kabla ya hapo yameyanywa mengi. Kipimo chake ni hiki: zungusha gari hadi lipate moto sawasawa, lizime, ngoja dakika kumi, liwashe. Likikataa, mwagia pampu maji ya baridi. Likiwaka baada ya hapo, pampu imelika ndani, kwani dizeli ya moto ni nyepesi na inavujia pembeni badala ya kwenda kwenye nozeli. Ukarabati wake ni wa fundi pampu na si wa bei ndogo.

Mkanda wa taimingi unabadilishwa kila kilomita 100,000, na kuna taa ya T-BELT kwenye dashibodi ya kukumbusha. Taa hiyo inazimika bila mkanda kuguswa, kwa hiyo taa iliyozimika si ushahidi. Hakuna risiti, hesabu haukubadilishwa: ukikatika, valvu zinagonga pistoni.

Kifuniko cha rejeta kifunguliwe gari likiwa baridi, kisha liwashwe. Mapovu yasiyoisha, au, kifuniko kikiwa kimefungwa, hosi ya juu kuwa ngumu dakika chache baada ya kuwasha, ni gesi inayopita kwenye gasketi au ufa wa silinda hedi. Hedi ya 1HZ haipendi kuchemshwa. Ndiyo sababu 1HZ iliyofungwa turbo mtaani sishauri mtu ainunue, hata kama inapanda mlima wa Manyara kwa raha. Na kabla ya kulipa, mwite mtu mwenye geji ya dizeli apime kompresheni. Silinda sita zilizochoka kwa usawa ni afadhali kuliko tano nzuri na moja iliyolala.

Mwisho liendeshe, kisha mwachie mwingine usukani nawe ulifuate kwa gari jingine kwenye barabara iliyonyooka. Tairi za nyuma zikipita pembeni ya njia ya zile za mbele, kushoto au kulia, ekseli imehama au chesisi imepinda, na hilo hutaliona ukiwa ndani. Likirudi, gia ya chini ya foo-wili ijaribiwe, maboksi ya karatasi yatandazwe chini yake dakika kumi uone linadondosha nini na wapi.

Kisha lala tena chini na kadi ya gari mkononi. Namba ya chesisi imepigwa kwenye reli ya kulia, mbele, karibu na gurudumu. Isome mwenyewe tarakimu kwa tarakimu. Ikiwa kipande hicho cha reli kina weldi kukizunguka, au namba imefunikwa na rangi nzito kuliko jirani zake, usifike kwenye bei.