Mashine haikosei? Dhana potofu kuhusu kompyuta za maabara ya katheta

Anayeingia maabara ya katheta, chumba ambamo mrija mwembamba hupitishwa ndani ya mishipa hadi moyoni, kwa mara ya kwanza huvutwa na picha ya eksirei: mishipa ya koronari, ile inayoulisha moyo, inajaa dawa na kucheza kila moyo unapodunda. Wachache hugeuka kuangalia nyuma ya kioo, kwenye chumba cha udhibiti, ambako mtu mmoja ameketi mbele ya skrini mbili akinakili kila kinachofanyika. Dawa imetolewa saa ngapi, puto limejazwa saa ngapi, presha ilikuwa ngapi kabla na ngapi baada. Kompyuta yake ndiyo mfumo wa kurekodi hemodinamiki, yaani presha na mwendo wa damu. Unapokea ECG (mchoro wa umeme wa moyo), presha za ndani ya moyo na viwango vya oksijeni, kisha unavihifadhi na kuvipigia hesabu. Imani potofu kuuhusu ni nyingi, na baadhi utazisikia kwa watu wanaofanya kazi humo humo.

"Presha inapimwa na kompyuta, kwa hiyo namba ikishatoka ni sahihi"

Hii nitakaa nayo, maana ndiyo mama wa nyingine.

Katheta ya kawaida haina kihisi kwenye ncha. Ni mrija mwembamba uliojaa maji ya chumvi. Moyo unasukuma, msukumo unasafiri ndani ya maji hadi nje ya mwili, na huko kihisi kidogo kinaugeuza kuwa umeme. Kompyuta huona umeme huo tu. Haijui kihisi kimewekwa wapi, wala kama kuna hewa njiani. Ndiyo maana kabla ya kipimo cha kwanza mtu hufungua koki ya njia tatu ili kihisi kikutane na hewa ya chumbani, hubonyeza kitufe cha sifuri, husubiri mstari ulale kwenye sifuri, ndipo afunge koki. Kihisi nacho lazima kiwe usawa wa katikati ya kifua cha mgonjwa aliyelala chali.

Sasa kitanda kipandishwe sentimita 10 ili daktari asiiname, huku kihisi kimefungwa kwenye nguzo isiyopanda pamoja na kitanda. Kila presha itaongezeka kwa takriban 7 mmHg (milimita za zebaki). Kwenye aota, ateri kuu itokayo moyoni, yenye 120 hakuna atakayeshtuka. Kwenye atria ya kulia, chumba cha juu cha moyo upande huo, ambako wastani wa kawaida ni kati ya 2 na 6, hizo saba zinatosha kumwandikia mtu asiye na tatizo kwamba moyo wake umeelemewa.

Kiputo cha hewa nacho kina vituko vyake. Kikikaa ndani ya mrija, wimbi linalegea: kilele kinashuka, bonde linapanda, na wastani unabaki karibu pale pale, kwa hiyo anayesoma wastani peke yake hagundui kitu. Mrija mrefu uliounganishwa vipande vipande unaweza kufanya kinyume chake, wimbi likaruka juu kuliko presha halisi. Kompyuta itaziandika zote kwa unadhifu ule ule. Mzoefu hutazama umbo la wimbi kabla ya namba. Kwenye wimbi la aota anatafuta kale kajino kanakotokea valvu inapofunga. Kasipoonekana, anaomba mrija usukumwe maji kwanza, na namba inasubiri.

"Alama zilizowekwa na mashine zisiguswe, kuzisogeza ni kughushi"

Programu huweka alama zenyewe: hapa kilele, hapa mwisho wa kujaa kwa ventrikali, chumba cha chini cha moyo. Huongozwa na ECG. Elektrodi ikilegea, au wimbi la T, lile linalofuata pigo kwenye ECG, likiwa refu kiasi cha kudhaniwa ni pigo, alama huanguka mahali pasipo pake. Halafu kuna pumzi. Mgonjwa anayehema kwa nguvu hupandisha na kushusha presha za upande wa kulia na za mapafu, na kompyuta nyingi huchukua wastani wa mapigo yote kwenye skrini, wakati kipimo kinachotakiwa ni kile cha mwisho wa kutoa pumzi. Moyo unaodunda bila mpangilio ndio kabisa: pigo moja halimwakilishi mwenzake, hukusanywa kadhaa ndipo wastani upatikane.

Kwa hiyo kusogeza alama kwa mkono ni sehemu ya kazi. Wimbi lenyewe halibadiliki, na mfumo mzuri huweka kumbukumbu ya nani alisogeza nini na saa ngapi. Mimi ningeitilia shaka zaidi ripoti ambayo haikuguswa hata alama moja.

"Hesabu za kompyuta hazina makisio"

Kanuni ya Adolf Fick ya mwaka 1870 ingali inatumika: gawanya oksijeni ambayo mwili unatumia kwa dakika kwa tofauti ya oksijeni kati ya damu ya ateri na damu inayorudi moyoni, utapata kiasi cha damu kinachosukumwa kwa dakika. Tatizo liko kwenye oksijeni inayotumiwa. Kuipima hasa ni kazi, kwa hiyo sehemu nyingi huingiza makisio ya mililita 125 kwa kila mita mraba ya mwili. Makisio yameshaingia hapo, hata kama jibu litatoka na desimali mbili.

Tuchukue mtu wa mita mraba 1.8, yaani mililita 225 kwa dakika. Himoglobini ni gramu 14 kwa desilita, ujazo wa oksijeni ni asilimia 98 kwenye ateri na 70 kwenye damu inayorudi. Jibu ni lita 4.2 kwa dakika. Sasa anayejaza fomu achukue himoglobini ya zamani, 10, iliyobaki kwenye faili. Jibu linaruka hadi lita 5.9. Hakuna taa nyekundu itakayowaka, kwa sababu 10 ni himoglobini inayowezekana na 5.9 ni jibu linalowezekana.

Na halikomei hapo. Eneo la tundu la valvu hukokotolewa kutokana na kiasi hicho hicho cha damu, kwa fomula ya Gorlin ya mwaka 1951. Valvu ya aota yenye sentimita mraba 0.8 itasomeka 1.1. Mpaka wa kuita mbano wa valvu mkali ni 1.0. Tarakimu moja ya zamani imemvusha mgonjwa kutoka kundi moja hadi jingine, na huenda ikabadilisha uamuzi wa kumpeleka au kutompeleka kubadilishiwa valvu.

"ECG ya pale ni sawa na ya wodini"

Si lazima. Mashine nyingi zina vichujio vya kutuliza mstari usiyumbeyumbe. ECG ya kutafutia ugonjwa huruhusu mawimbi ya polepole kuanzia herzi 0.05, kichujio cha kufuatilia tu mara nyingi huanzia 0.5, na hapo kipande cha ST, sehemu ya mstari inayotazamwa kutafuta shambulio la moyo, kinaweza kupindishwa. Kabla ya kusema ST imepanda, angalia kichujio kilichowashwa.

"Kila kitu kinarekodiwa, tutatazama baadaye"

Inategemea mfumo. Mingine huhifadhi mfululizo wote kuanzia mwanzo hadi mwisho, mingine huhifadhi vipande vile tu ambavyo mtu alibonyeza. Kisingizio cha nafasi hakina uzito siku hizi: chaneli 12, kila moja ikichukua sampuli 1,000 kwa sekunde kwa baiti 2, hazifiki megabaiti 90 kwa saa.

Uzito wa jambo hili unauona pale katheta inapovutwa kutoka ventrikali ya kushoto kuingia aota. Mawimbi ni marefu, 180 juu, na chini yanakaribia kugusa sifuri. Daktari anasema "navuta". Ghafla chini inaruka hadi 70 na juu inashuka hadi 120. Ile 60 iliyopotea ndiyo mbano wa valvu. Tukio hilo limepita kwa mapigo mawili matatu. Kama hakuna aliyerekodi, kulipata tena ni kuivusha katheta upya kwenye valvu iliyojaa chokaa, na kila kuvusha kuna hatari ya kipande kumeguka na kwenda kwenye ubongo.

"Ni kompyuta tu, ihudumiwe kama za ofisini"

Mwaka 2016 taarifa iliyoingizwa kwenye hifadhidata ya FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilieleza jinsi skrini ya mfumo wa aina hii ilivyozimika katikati ya utaratibu, mgonjwa akiwa amepewa dawa za kumtuliza. Chanzo: antivirusi iliyopangwa kukagua faili kila saa, zikiwemo za mgonjwa, ikaziba njia ya data. Ilibidi programu iwashwe upya, na kama dakika 5 zikapotea. Mgonjwa alimaliza salama.

Wengine husema dakika 5 si kitu, kwani eksirei ilikuwa inafanya kazi. Lakini lile wimbi la presha ndilo mlinzi. Ncha ya katheta ikiziba mdomo wa ateri ya koronari, wimbi linalala, na hapo kusukuma dawa kunaweza kuutupa moyo kwenye mtetemo usiosukuma damu. Skrini nyeusi haiwezi kumwonya mtu. Antivirusi iwepo, ila faili za mfumo ziwekwe nje ya ukaguzi kama mtengenezaji anavyoelekeza, na masasisho yasubiri kitanda kiwe kitupu.

Hofu iliyo kinyume, kwamba nyaya za kompyuta zitaupiga moyo shoti, haina nguvu ikiwa vifaa vinatunzwa. Sehemu zinazogusa moyo hutengwa na umeme wa ukutani, na umeme unaoruhusiwa kuvuja katika hali ya kawaida ni maikroampea 10 tu.

"Saa zilizoandikwa kwenye ripoti ndizo saa zenyewe"

Eksirei ina saa yake, mfumo wa kurekodi una yake, mashine ya ECG ya mapokezi ina yake. Kwa mwenye shambulio la moyo, lengo linalojulikana ni dakika 90 tangu afike hadi mshipa ufunguliwe. Saa ya mapokezi ikiwa nyuma dakika 4 na ya maabara ikiwa mbele dakika 3, mgonjwa aliyehudumiwa kwa dakika 86 ataandikwa 93, na kikao cha wiki inayofuata kitamtafuta mzembe ambaye hayupo.

Saa hizo zinaweza kuunganishwa na seva moja ya muda. Pasipo na seva, mtu azizungukie asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, akiwa na saa moja mkononi.