Steringi hafi, ila stori yake inakatwa katikati: dhana potofu kuhusu krosova za komiki

Mi nimeanza kusoma komiki za Marvel na DC, zile kampuni mbili kubwa za Marekani, enzi za kuazimana, kitabu kimoja kinapita mikono ishirini mpaka kava inabanduka, sa hivi nasoma kwa apu kwenye simu, na kama kuna kitu kinanipandisha presha ni krosova, yaani zile stori za mashujaa wa vitabu tofauti kukutanishwa kwenye tukio moja kubwa. Si kwamba sipendi mashujaa wakutane, nani hapendi! Kinachoniudhi nitakifikia, ila kuna maneno watu wanayarudia kila siku kuhusu hizi krosova na mengi hayako sawa.

Dhana: krosova za zamani zilikuwa sanaa, za siku hizi ndo biashara tupu.

Hii wanaipenda sana wakongwe. Jamani, Secret Wars ya 1984, matoleo 12, ilizaliwa kwa sababu ya midoli. Mattel walitaka kuuza midoli ya Marvel maana wapinzani wao Kenner walishawabeba mashujaa wa DC, wakaomba tukio kubwa la kuipa midoli nguvu sokoni, na hata jina, Jim Shooter aliyeiandika (ndo alikuwa mhariri mkuu) alishaeleza mwenyewe kwamba watoto walifanyiwa utafiti wakaonekana wanachangamkia hayo maneno mawili, basi yakaunganishwa. Hiyo ndo sanaa yenu.

Lakini niwe mkweli, ile ya kwanza ilikuwa na adabu. Mashujaa wanaingia kwenye dude la ajabu lililotokea Central Park, toleo linalofuata la kitabu chako wamesharudi, ila wamebadilika, Spider-Man kaja na nguo nyeusi, She-Hulk kachukua nafasi ya The Thing kwenye Fantastic Four, sasa ukitaka kujua kilitokea nini huko walikokwenda ndo unanunua Secret Wars. Hutaki, unaendelea na maisha yako. Ile nguo nyeusi wazo lake lilitoka kwa msomaji tu wa kawaida, akalipwa dola 220, na 1988 ikatuzalia Venom, yule adui mkubwa wa Spider-Man, we piga hesabu nani alifaidi. Balaa lilianza 1985 na Secret Wars II, huyo Beyonder, kiumbe aliyewabeba mashujaa mara ya kwanza, anazunguka kitabu hadi kitabu kama mtu wa kamati ya harusi anayedai michango, hakuna nyumba aliyoiruka.

Dhana: ili uelewe lazima ununue matoleo yote ya pembeni, yaani ya vitabu vingine vilivyofungwa na krosova.

Hapa nikae kidogo maana hapa ndo kidonda kilipo. Kitabu kikuu cha krosova mara nyingi kinasomeka peke yake. Civil War ya Mark Millar na Steve McNiven, 2006 mpaka 2007, ni matoleo saba, ukiyasoma umemaliza: mlipuko Stamford, serikali inaleta sheria ya mashujaa kujisajili, Iron Man huku, Captain America kule, ngumi. Anayefuata krosova hapati shida yoyote. Anayeumia ni yule aliyekuwa anasoma Spider-Man wake kimya kimya, hana habari na ugomvi wa watu.

Angalia alichofanyiwa mwandishi J. Michael Straczynski. Jamaa ameshika Amazing Spider-Man tangu 2001, amejenga taratibu, Shangazi May kaijua siri ya Peter Parker, kwamba ndo Spider-Man, na wamekaa chini wakaongea kama watu wazima, Mary Jane karudi kwa mumewe, huyo huyo Peter, yaani kitabu kimetulia. Ikaja Civil War. Peter Parker anavua barakoa mbele ya kamera za waandishi na dunia nzima inamjua, jambo kubwa kuliko yote lililowahi kumpata, na limetokea wapi? Kwenye Civil War toleo la pili, yaani nyumba ya jirani! Kuanzia hapo kitabu chake mwenyewe kikawa cha kuosha vyombo vya karamu ya wengine. Shangazi May anapigwa risasi kwa sababu maadui wanajua Peter ni nani, halafu mwisho wa 2007 ikaja One More Day ambapo Peter na Mary Jane wanampa Mephisto ndoa yao, shetani kabisa huyo na mapembe yake, ili Shangazi May apone. Ndoa ya tangu 1987 ikafutika kama haijawahi kuwepo na watu wote wakasahau sura ya Spider-Man. Straczynski mwenyewe alisema hadharani hakukubaliana na namna ilivyomalizwa, mpaka akafikiria kutoa jina lake kwenye matoleo mawili ya mwisho. Sasa mimi niliyekaa miaka na hicho kitabu nimfuate nani nimuulize?

Na kuna hili la kuchelewa. Civil War toleo la nne lilichelewa, wakaamua kumsubiri mchoraji, na vitabu vingine vilivyofungwa nayo navyo vikasubiri kwa sababu vingetoa siri. Ni kama daladala yako ya Mbagala igome kuondoka kwa sababu ya Tegeta imepata pancha.

Dhana: krosova zinauza, kwa hiyo mashabiki ndo wanazitaka.

Nusu ni kweli, nusu hapana. Zile namba za mauzo zilizokuwa zinatolewa kila mwezi Marekani zilikuwa zinahesabu oda za maduka, hazihesabu wasomaji. Duka la komiki kule linaagiza miezi kabla na mara nyingi mzigo ukidoda haurudi, hasara ni ya mwenye duka. Halafu kuna mchezo wa kava adimu, duka likiagiza nakala 25 ndo linaruhusiwa kupata moja ya kava spesho, kwa hiyo mwenye duka anaagiza nyingi kuliko wateja alionao ili apate hiyo moja auze bei mbaya. 2009 DC kwenye Blackest Night walikuja na pete za plastiki, duka likitaka pete sharti liagize idadi fulani ya kitabu fulani, na kitabu kama Doom Patrol ambacho hakikuwa na wanunuzi wengi ghafla kikaagizwa kwa fujo. Watu walikuwa wanaitaka pete bwana! Na hizo pete mi mwenyewe ningepata ningevaa.

Ila nisijitoe, na mimi nimo. Nalalamika wiki nzima halafu usiku naifungua hiyo hiyo krosova nione nani kafa.

Dhana: aliyekufa kwenye krosova kafa.

Kwenye banda umiza kila mtoto alikuwa anajua steringi hafi, sijui kwa nini tukikua tunasahau. Barry Allen, yule Flash, alikufa kwenye krosova ya DC, Crisis on Infinite Earths, 1985, 2008 akarudi. Supergirl alikufa humo humo, 2004 huyo. Captain America alipigwa risasi 2007 baada tu ya Civil War, hata miaka mitatu haijaisha yuko mzima anarusha ngao. Wa Barry tu ndo naweza kuwasamehe kwa sababu walimwacha apumzike zaidi ya miaka 20, na Wally West, mrithi wake, akakua kwenye hizo nguo mpaka zikawa zake kweli.

Dhana: nimeangalia filamu, kwa hiyo stori naijua.

Hapana. Kwenye Infinity Gauntlet ya 1991 Thanos anapiga vidole na kufuta nusu ya viumbe toleo la kwanza kabisa, na hana shida na chakula wala rasilimali za dunia, anamtongoza Kifo, ambaye ni mwanamke, na mwanamke mwenyewe hamtaki. Tuendelee.

Dhana: krosova zote ni takataka, ziruke.

Hata mi nilikuwa nasema hivi. Mwandishi Jonathan Hickman alianza kupanda mbegu zake kwenye Fantastic Four 2009, akahamia Avengers 2012, akazimwagilia mpaka Secret Wars mpya ya 2015, ikachelewa nayo, ikaongezwa toleo moja zikawa tisa, ikaisha Januari 2016, lakini ilikuwa stori yake mwenyewe anaimaliza, Reed Richards wa Fantastic Four na adui yake Doom wanaelezana ukweli wa miaka yote. Hakumvamia mtu? Alivamia sana tu, karibu vitabu vyote vya Marvel vilisimamishwa mwaka ule vipishe.

Kikiwemo Ms. Marvel cha G. Willow Wilson, ambacho nilikuwa nakifuata toleo kwa toleo, na nilipoona krosova inakuja nikasema haya, na huyu mtoto wanaenda kumharibu. Sasa dunia nyingine inaning'inia juu ya Manhattan, kila kitu kinaisha, na kitabu kikakataa kwenda huko, kikabaki Jersey City na mambo yake. Watu wamejazana shuleni kwao Kamala, ndo Ms. Marvel mwenyewe, kujificha, na yeye anaona bora amwambie mama yake ukweli kabla ya mwisho, anakusanya pumzi, anasema. Mama anamjibu alishajua siku nyingi.